Andikeni Mngali Marafiki

Abana baito, wana wa Kisii na Nyamira mnaoshika magitaa, nina neno nanyi.

Nawasikia kila niendako. Kutoka Suneka hadi Keroka, kutoka Daraja Mbili hadi Kebirigo, vikundi vya muziki vinazaliwa kila mwezi. Wengine mnapiga benga, wengine nyimbo za injili, na siku hizi wapo hata wanaokaza nyuzi za gitaa la umeme na kupiga ule muziki wa kunguruma, hevi metali. Sina ugomvi na kunguruma. Mtu aliyelelewa na obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake husikika kifuani kabla ya masikioni, hawezi kuogopa muziki mzito. Ninachoogopa ni kwamba mnaanza bila kuandika hata neno moja.

Bendi ikiwa changa, kila mtu anajua nani alitunga nini. Mnafanya mazoezi nyuma ya duka la mtu, mnachangiana nauli, na kumwambia mwenzako atie sahihi kunaonekana kama kumtukana. Halafu wimbo unapendwa. Unapigwa redioni, unapigwa kwenye matatu za kwenda Nairobi, unapigwa harusini. Hapo kila mmoja anakumbuka kwamba ni yeye aliyeutoa kichwani mwake. Wala si lazima awe anadanganya! Wimbo wa bendi hutungwa na wengi: huyu analeta maneno, yule analeta mlio wa gitaa unaofanya watu wainuke vitini, wa tatu anasema hapa tupunguze mwendo. Kila mtu anakikumbuka vizuri kipande chake na kusahau cha mwenzake. Walisema wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wimbo ni mali.

Tazameni akina Wanyika, ambao nyimbo zao bado zinachezwa Kisii mjini kila mwisho wa wiki. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz huko kwao, wakaenda Arusha wakaunda Arusha Jazz, kisha wakavuka mpaka kuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku ndiko bendi yao ilikojulikana kama Simba Wanyika. Novemba 1978 ikapasuka. Omar Shabani, mpiga gitaa la ridhimu aliyeitwa Profesa, aliondoka pamoja na Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma na mwimbaji Issa Juma. Wakaungana na John Ngereza, wakajiita Les Wanyika, na wakatoa “Sina Makosa”. Simba Wanyika nayo haikufa, ikaendelea. Miaka michache baadaye Issa Juma akajitenga na kuwa na Super Wanyika yake.

Sasa niambieni, Wanyika ni nani? Ni wale ndugu walioanzisha, au ni yule Profesa aliyebeba mlio wake akatoka nao mlangoni? Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya hili mpaka chai ikapoa, na mara nyingi wimbo wa bendi moja unatajwa kuwa wa nyingine. Kila upande una haki yake. Wilson na George walifanya kazi ya kujenga jina kutoka Tanga hadi Nairobi. Lakini ridhimu ya Shabani haikuwa mali ya jina. Leo Wilson, George, Shabani na Ngereza wote wamekufa, na sisi tuliobaki tunagombania hadithi ambayo wao wangeimaliza kwa karatasi moja.

Na wimbo wa “Malaika” mnaujua wote. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. nao wakauimba. Lakini Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga miaka mingi kabla ya hapo, na majina ya Lucas Tututu wa Mombasa na Grant Charo pia yametajwa. Fadhili William alifariki mwaka 2001 na mabishano hayakuzikwa pamoja naye.

Hata benga yenyewe, muziki wa majirani zetu Waluo ambao tumeufanya wetu, haina cheti cha kuzaliwa. Wapo wanaomtaja D.O. Misiani wa Shirati Jazz, wapo wanaoapa kwamba ni John Ogara na Ogara Boys. Na sisi je? Kila mzee wa hapa atawaimbia nyimbo za Christopher Monyoncho na Riakimai 91. Mwulizeni mzee huyohuyo nani alipiga besi kwenye sahani hizo, nani aliitikia, nani alipiga solo. Atakuna kichwa. Watu hao walitoka kwenye vijiji vyetu, walilala vichakani gari likiharibika, walipiga hadi alfajiri, na majina yao yanafutika tukiwa tunatazama. Jambo hili linaniuma kuliko pesa.

Nyinyi wa hevi metali msidhani wakubwa wenu wa ng'ambo waliepuka mabishano kama haya. Black Sabbath wa Birmingham, vijana wa mitaa ya viwanda walioanza mwaka 1968, waliwahi kujiita Earth wakalazimika kuliacha jina hilo kwa sababu bendi nyingine ilikuwa nalo. Zaidi ya miaka 40 baada ya kuanza, mwimbaji wao Ozzy Osbourne alimshtaki mwenzake Tony Iommi huko New York, mwaka 2009, juu ya nani anamiliki jina la Black Sabbath. Walipatana mwaka uliofuata. Dave Mustaine naye alifukuzwa Metallica Aprili 1983, miezi michache kabla ya albamu yao ya kwanza kutoka. Jina lake lilibaki kwenye nyimbo nne za albamu hiyo kama mtunzi mwenza, kwa hiyo hata wanaomchukia hawawezi kumfuta. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakulinda tangu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo mnawaandikia watoto wenu pia. Kujisajili kwa Bodi ya Hakimiliki si lazima ili haki iwepo, lakini kesi ikizuka cheti ni shahidi asiyesahau. Jina la bendi ni jambo tofauti. Kulisajili kama jina la biashara hakutoshi. Alama ya biashara husajiliwa kwenye taasisi ya mali ya viwanda, KIPI, kwa miaka 10, kisha unaihuisha. Amueni mapema jina litasajiliwa kwa nani: kwa mmoja wenu, kwa wote, au kwa mwenye vyombo.

Hapo kwenye mwenye vyombo nataka kukaa kidogo. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima inayomzuia kijana kusema mambo fulani mbele ya mtu wa rika la baba yake. Ni nguzo ya nyumba zetu na sitaki ianguke. Lakini nimeona ikitumiwa vibaya. Nilikijua kikundi kimoja cha vijana wenye sauti za ajabu. Aliyewanunulia spika na magitaa alikuwa mtu mzima, walimwita baba, na kwa sababu ya heshima hakuna aliyemuuliza chochote. Siku walipotaka kuondoka waligundua kwamba jina ni lake, nyimbo ni zake, hata akaunti zinazopokea pesa za intaneti ni zake. Wawili kati yao waliacha kuimba kabisa. Kumuuliza mzee kwa adabu, mbele ya shahidi, “Omogaka, jambo hili tumeliandika wapi?” si kuvunja chinsoni. Mzee mwaminifu atafurahi kuulizwa.

Kwa hiyo Jumamosi hii mkikutana mazoezini, msiwashe amplifaya kwanza. Chukueni daftari la shule. Andikeni tarehe mliyoanza na mahali, nani aliwaita wengine, jina lilitoka kwa nani. Kisha shikeni nyimbo, mmoja baada ya mwingine: maneno ya nani, gitaa la nani, mgawanyo ni upi. Wote mtie sahihi, kila mmoja apige picha kwa simu yake. Na yule mpiga ngoma aliyewaacha mwaka jana kwa hasira, aliyekuwa nanyi wimbo wa kwanza ulipotungwa, mpigieni simu aje aandikwe naye.