Uyoga wa Mkonge na Nuru



Mkonge uliletwa katika nchi yetu ya Tanga mwaka 1893, Daktari Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, nayo iliyopona ikawa 62 tu. Jani la mkonge likisagwa mitamboni, nyuzi ni kama sehemu 4 katika 100. Yaliyobaki hutupwa chungu chungu, yakaoza. Juu ya taka hizo huota uyoga wa kijivu, ambao watu huuchuma ungali mchanga na kuula. Maana ukikawia kidogo kofia yake huyeyuka, ikawa maji meusi kama wino.

Uyoga huo hauna jicho, lakini huijua nuru. Wataalamu wameona ya kwamba utando wake hufanya vifundo vidogo gizani; lakini kifundo hakiwi uyoga kamili mpaka kiguswe na nuru, hasa ile ya rangi ya buluu. Ukifungiwa gizani haufi. Shina lake hurefuka, jembamba, kama mtu apapasaye ukuta usiku, na kofia hubaki kinundu tu, kisichotoa mbegu.

Mtu alionaye shina lile hudhani ni ugonjwa, akalitupa. Nasi wazee wa usharika tumewafanyia watu vivyo hivyo. Tulikuwa na ndugu aliyezuiliwa Meza ya Bwana. Akaacha kuja kanisani, tukamhesabu amekufa katika imani, na kwa miaka 3 hakuna aliyebisha hodi kwake. Mwalimu mmoja alipokwenda alimkuta akiwafundisha watoto wake sala ya jioni, mlango umefungwa kwa aibu. Tuliona haya sana. Hakuwa amekufa, alikuwa akirefuka gizani.

Tena nuru iuamshayo uyoga si nyingi. (Na usiku pia wauhitaji, ili mbegu zake zitimie, hilo tuliache leo.) Basi, enyi walimu, kabla ya Meza ya Bwana ijayo litwaeni daftari la usharika, myatafute majina yasiyosomwa tena, mwende. Msichukue hukumu iliyokwisha andikwa. Mwingine atafungua mlango nusu. Mwingine atataka mje usiku. Nendeni usiku. Nikodemo naye alikuja usiku, wala Bwana hakumwambia arudi kesho mchana; na siku ya maziko, wengine walipokuwa wamekimbia, yeye alikuja na manemane na udi, yapata ratli 100.