Mwanga wa Simu na Siri ya Mtu

Wakazi wa Misunkumilo, kama Watanzania wote, wajua maana ya kutoa alama za vidole. Usajili wa laini za simu kwa njia hiyo ulipofikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, kila mtu alijua ametakiwa nini na nani. Aliweka kidole chake huku akiona. Leo twapenda kusema habari ya alama nyingine, ambayo huchukuliwa pasipo mwenyewe kuulizwa.

Mtu afunguapo tovuti, kivinjari cha simu yake hujibu maswali mengi kimya kimya: kioo kina upana gani, lugha ni ipi, saa ni ya nchi gani, na hata kama mwenye simu apenda kioo cheupe au cheusi. Jibu moja halimtambulishi mtu. Lakini maswali 10 ya ndiyo au siyo, yakiwagawa watu sawasawa, hufanya mafungu 1,024. Na maswali 33 hufanya mafungu mengi kuliko watu wote wa dunia. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilichunguza vivinjari 470,161, likaona kwamba asilimia 83.6 vilikuwa na alama isiyofanana na ya kingine chochote katika hesabu ile.

Kwa sababu hiyo Tor Browser, na Firefox pia ulinzi wake maalumu wa kupinga utambuzi wa kivinjari ukiwashwa, huziambia tovuti zote kwamba kioo ni cheupe, hata kama mwenyewe amechagua cheusi. Wote wavae vazi moja, asijulikane mmoja. Lakini wengi wetu husoma usiku, watoto wamelala karibu, na kioo cheusi ni nafuu ya macho. Je, yatupasa kuiacha nafuu hiyo?

Sisi twasema: tutenganishe raha na haja. Apendaye kioo cheusi kwa raha tu na aiache anapotafuta habari za ugonjwa wake, za deni lake, au za haki yake iliyodhulumiwa. Wala si kwa faida yake peke yake. Siri ya kundi ni mali ya wote; kila ajitengaye hulipunguza kundi, na mwenye sababu kubwa ya kujificha hubaki na wachache wa kumfunika. Kwetu jambo hili ni zito zaidi, maana awekaye simu yake katika Kiswahili ni wa kundi dogo tayari katika tovuti za dunia.

Lakini yule ambaye mwanga humwumiza macho asilaumiwe. Si haki mgonjwa aumie ili mzima afichike. Naye anazo njia: apunguze mwangaza katika simu yenyewe, jambo ambalo tovuti haiambiwi, au awe na vivinjari viwili, kimoja cha mambo ya siri, kingine cha magazeti na nyimbo.

Hata hivyo tusimtwike mwenye simu mzigo wote. Swali la rangi liliwekwa kwa wema, ili ukurasa uyahurumie macho ya msomaji. Aligeuzaye kuwa mtego ndiye mwenye kosa la kwanza. Katiba yetu, katika ibara ya 16, yalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Basi kila mwenye tovuti nchini, awe mfanyabiashara, benki, shule au gazeti, na ajiulize: haya niyakusanyayo nayahitaji kwa kazi gani? Yasiyo na kazi na ayaache. Mtu wa Misunkumilo asilazimike kuchagua kati ya macho yake na siri yake.