Umri wa Mtoto na Kombe la Ligi

Mvua zikikatika katika nchi ya Buha, na mahindi na maharagwe yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, vijana wa Kasulu na Kibondo huwa na swali moja midomoni mwao: ligi yaanza lini? Kiwanja ni cha shule au cha misioni, chenye vumbi jekundu na magoli ya miti. Jukwaa hakuna, watu husimama kuufuata mstari, wazee kwa watoto, na anayechelewa hutazama juu ya mabega ya wenzake. Timu ya kata hii yakutana na timu ya kata ile, na matokeo ya Jumamosi hufika sokoni kabla ya Jumatatu. Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mambo madogo, yasiyostahili ukurasa huu. Sisi twaona kwamba katika kiwanja kile watoto wetu hufundishwa jambo kubwa, jema au baya, na kwamba walimu wao ni sisi watu wazima.

Kanisa halijapata kuuonea haya mchezo wa vijana. Mtakatifu Yohane Bosko, aliyeanza kuwakusanya watoto maskini mjini Turin mwaka 1841, aliwapa katekisimu na kiwanja pamoja, akijua kwamba kijana asiyepewa mahali pa kucheza atajitafutia mwenyewe, pengine pabaya. Mwaka 1887 Bruda Walfrid, wa Shirika la Wamarista, alianzisha timu ya Celtic mjini Glasgow ili fedha za viingilio ziwalishe watoto wa maskini. Mwaka 1908 Padre Lorenzo Massa, Msalesiani, aliwafungulia vijana wa mitaani mjini Buenos Aires uwanja wa kanisa lake, na timu yao ikaitwa San Lorenzo, ile ambayo baadaye Baba Mtakatifu Fransisko aliipenda tangu utoto wake. Tarehe 1 Juni 2018 Idara ya Vatikano ya Walei, Familia na Maisha ilitoa hati nzima juu ya michezo, ikifundisha kwamba mchezo ni njia ya mtu kutoa kilicho bora alichojaliwa. Basi, asiwepo mzazi wa kusema kwamba mpira ni kazi ya wavivu.

Na ligi ina somo lake, ambalo mchezo wa siku moja hauna. Katika ligi kila timu hukutana na kila timu. Ushindi waleta pointi tatu, sare moja, kushindwa hakuleti kitu. Timu iliyofungwa leo haikufa. Wiki ijayo yarudi kiwanjani, na mwisho wa msimu kila mmoja huvuna jasho lake. Hapo kijana hujifunza kuvumilia, kumtii mwamuzi, kumpasia mwenzake mpira badala ya kutafuta sifa peke yake, na zaidi ya yote kushindwa bila chuki. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini somo hilo lote laweza kuharibiwa na kosa moja, nalo ndilo tunalotaka kulisema leo waziwazi. Tuwawekee mfano, wala hatumtaji mtu wala timu. Timu ya vijana walio chini ya miaka 17 yaanza ligi. Mchezo wa kwanza yashinda, wa pili yatoka sare, wa tatu yafungwa mabao matatu kwa moja, tena na jirani zao. Jioni ile viongozi wakutana. Mmoja asema: “Yuko kijana fulani, fundi wa chenga. Ana miaka ishirini na mmoja, lakini ni mwembamba, na ndevu hazijamjaa.” Wa pili asema: “Cheti cha mdogo wake kipo.” Wa tatu anyamaza. Mchezo wa nne timu yashinda, wa tano yashinda, wa sita yashinda. Yule wa tatu aliyenyamaza sasa ndiye ashangiliaye kuliko wote. Kombe lafika kijijini, mbuzi achinjwa, akina mama wapiga vigelegele. Kila mtu amefurahi. Je, kuna aliyeibiwa?

Wako watatu walioibiwa. Wa kwanza ni mtoto wa timu pinzani. Amejizoeza miezi mingi kuwakabili wa rika lake. Akajikuta mbele ya mtu mzima mwenye mifupa iliyokomaa. Pengine amevunjwa mguu. Hata kama hakuvunjwa, amerudi nyumbani akidhani kwamba hafai, naye alikuwa anafaa.

Wa pili ni mtoto wetu wenyewe. Yuko kijana wa miaka kumi na sita aliyefua jezi, akahudhuria mazoezi yote, akatembea kwa miguu hadi kiwanja cha ugenini, kisha akaambiwa akae pembeni kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na kaka mkubwa mwenye cheti cha kuazima. Huyo anajua siri yote. Anawaona mwalimu wake, mwenyekiti wake, pengine na msimamizi wake wa ubatizo, wakipongezana kwa uwongo. Jambo atakalolikumbuka akiwa mzee ni lipi? Ni kwamba ukweli ni wa kanisani, na kiwanjani kuna sheria nyingine.

Wa tatu ni yule fundi wa chenga mwenyewe. Twamwita mamluki, twamcheka au twamsifu, lakini naye ni kijana aliyetumiwa. Amepewa jina lisilo lake na tarehe isiyo yake. Kila akiitwa kwa jina lile hana budi kuitika. Kila mwamuzi akimtazama, moyo humwenda mbio. Atakapotaka kuandikishwa kazini, au kupata kitambulisho, ataulizwa yeye ni nani. Mungu alimwita kwa jina lake siku ya ubatizo; sisi tukamwita kwa jina la kombe.

Tumezisikia sababu zinazotolewa. Wengine husema: “Ni mchezo tu.” Kama ni mchezo tu, kwa nini tuuze ukweli kwa ajili yake? Wengine husema: “Wote hufanya hivyo.” Amri ya nane haikutolewa kwa masharti ya kwamba jirani aanze kuishika kwanza. Wengine husema: “Huku kwetu watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa.” Neno hilo lina ukweli ndani yake, nalo lahitaji jibu la upole.

Ni kweli kwamba wako watoto wasio na karatasi. Tena Kasulu na Kibondo si kama wilaya nyingine. Nchi hii imewapokea wageni waliokimbia vita, wa Burundi na wa Kongo, kwa vizazi kadhaa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwa wingi. Mama anayetoroka usiku akiwa na mtoto mgongoni hatafuti cheti sandukuni. Kwa hiyo ni dhambi nyingine kumzomea kijana kwa sababu ya lafudhi yake, na kusema kwamba ni mkubwa kwa kuwa tu ni mgeni. Ukweli tunaoutaka katika ligi hauwezi kuwa rungu la kuwapigia wanyonge. Lakini mtu asiye na karatasi si sawa na mtu aliyegushi karatasi. Wa kwanza anahitaji mashahidi wa kweli: mzazi, mwalimu, jirani aliyemwona akizaliwa au akianza shule. Wa pili amekwisha kupata mashahidi, nao ni wa uwongo.

Tena sisi Wakatoliki hatuna udhuru mkubwa. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa yaamuru kwamba katika kitabu cha ubatizo iandikwe pia tarehe na mahali alipozaliwa mtoto. Kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya mpira, lakini kinasema kweli. Ole wake amwendeaye katekista au karani wa parokia na kumwomba “msaada mdogo” wa kubadili mwaka! Na heri karani yule anayekataa, hata kama mwombaji ni ndugu yake, hata kama timu ni ya kigango chake.

Wasomaji wapenzi, uwongo wa namna hii umekwisha kuyaaibisha mataifa makubwa. Mwaka 1988 Meksiko iliwachezesha vijana waliozidi umri katika mashindano ya chini ya miaka 20. Aliyewafichua alikuwa mwandishi wa habari aliyelinganisha tarehe za kuzaliwa na zile zilizochapwa katika kitabu cha mwaka cha chama chao wenyewe. FIFA ikazifungia timu zote za taifa hilo kwa miaka miwili, za wakubwa pamoja na za wadogo, na hivyo Meksiko ikakosa Kombe la Dunia la mwaka 1990. Wachezaji wakubwa ambao hawakudanganya mtu walilipa deni la viongozi. Hakika njia ya mwongo ni fupi.

Wala tusiwacheke. Mwaka 2005 timu yetu ya Taifa ya vijana, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kushinda nafasi ya kwenda Gambia katika mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17. Ikaondolewa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yaligeuka. Kongo Brazzaville ilitakiwa impeleke mchezaji wake apimwe mfupa wa kifundo cha mkono, kipimo ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009. Haikumpeleka, ikaondolewa, na nafasi yake ikapewa Tanzania. Mwezi Mei 2017, huko Gabon, vijana wetu walitoka sare na Mali bila bao, wakaifunga Angola mabao mawili kwa moja, kisha wakafungwa na Niger bao moja, wakarudi nyumbani. Kanuni ile ile iliyotuhukumu mwaka 2005 ndiyo iliyotutetea mwaka 2017. Mwenye kuiheshimu sheria siku inapomuumiza, ndiye mwenye haki ya kuikimbilia siku inapomwokoa.

Lakini mashine ya kupiga picha mifupa haitaletwa kwenye ligi ya kata. Kule Kasulu na Kibondo kipimo ni dhamiri ya mzazi na ya kiongozi. Kwa hiyo twawakumbusha habari ya mzee Eleazari, iliyoandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya sita. Alikuwa na miaka tisini. Watesi walimtaka ale nyama iliyokatazwa na Sheria ya Mungu. Rafiki zake wakamshauri kwa siri: alete nyama yake iliyo halali, ajifanye tu kuwa anakula ile nyingine, apone. Lilikuwa jambo dogo sana, tena hakuna ambaye angejua. Eleazari akakataa. Aliona haya kuigiza katika umri ule, akafikiri juu ya vijana ambao wangemtazama na kupotezwa na udanganyifu wake. Akachagua kufa, akawaachia vijana mfano.

Tazameni tofauti. Mzee yule hakukubali kudanganya hata kuokoa uhai wake, kwa sababu vijana walikuwa wakimtazama. Sisi je, tudanganye kwa ajili ya kombe la bati na mpira mmoja wa ngozi, vijana wakitutazama? Naye Mtume Paulo, aliyeyajua mashindano ya Wagiriki, alimfundisha Timotheo kwamba mshindani hapewi taji asipofuata sheria za mchezo. Kombe lipatikanalo kwa uwongo, hata likiwekwa kabatini, halijapata mshindi.

Basi tufanye nini? Ninyi wazazi, kabla ya ligi kuanza ulizeni mtoto wenu atacheza kwa jina gani na kwa umri gani. Msikubali cheti cha mtoto mmoja kitumiwe na mwingine, hata kama mtapewa fedha. Ninyi viongozi wa timu, wekeni desturi ya kukutana na wapinzani kabla ya mchezo wa kwanza, majina yasomwe mbele ya wote na daftari la shule lifunguliwe. Na ikiwa mmegundua kosa ndani ya timu yenu, lisemeni wenyewe kabla hamjakamatwa, hata kama mtapoteza pointi. Kitu kilichoibiwa hurudishwa. Ndivyo tulivyofundishwa katika sakramenti ya Kitubio, na pointi za ligi si kitu kitakatifu kisichoweza kurudishwa. Ninyi waamuzi na wasimamizi, msipokee rupia ya kufumba macho.

Na ninyi vijana, twawaambia neno la mwisho. Ikiwa umri wako umepita, toka kwa heshima katika timu ya wadogo, ukajaribu bahati yako katika timu ya wakubwa. Au baki nao kama mwalimu wao, maana ujuzi wako wahitajika. Na ikiwa timu yenu imeshika nafasi ya mwisho kwa haki, rudini nyumbani mmeinua vichwa. Msimu mwingine utakuja, na mtakuwa mmekua mwaka mmoja, mwaka wa kweli, uliohesabiwa na Mungu.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyekua kwa kimo na kwa hekima nyumbani Nazareti, awalinde vijana wote wa Kasulu na Kibondo, na wa nchi yetu nzima, wawe hodari wa miguu na wanyofu wa moyo.