Hasira Yetu Inamwangukia Nani?



Mwaka 1987 ilitoka Marekani sinema iitwayo Fatal Attraction. Bwana mmoja, mwenye bibi na mtoto, alizini na mwanamke mwingine wakati bibi yake hakuwako. Kisha akataka jambo liishe kimya. Yule mwanamke, akisema ana mimba yake, akakataa kuachwa, akaanza kuwatesa watu wa nyumba ile.

Kwanza sinema ilimalizika hivi: mwanamke anajiua, na bwana anakamatwa na polisi. Watazamaji wa kwanza walioonyeshwa hawakuridhika. Basi mwisho ukatengenezwa upya: bibi wa nyumba anamwua yule mwanamke kwa bastola. Watu wakashangilia.

Nauliza: na yule bwana? Ahadi ya ndoa ilivunjwa na nani? Mwanamke alikosa, tena sana. Lakini bwana alirudi kwa bibi yake, na watu wakatosheka.

Tusiwacheke. Hata kwetu, habari ya zinaa ikisikika, tunauliza kwanza jina la mwanamke. Lakini katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu anawaamuru wanaume kwanza wainamishe macho, ndipo wanawake. Na adhabu ya zinaa ameiweka moja kwa wote wawili.

Ndugu zangu, hasira yetu juu ya mmoja imekuwa kifuniko cha mwingine. Na mwanaume tuliyemsamehe sisi kabla hajatubu, ni nani atakayemkumbusha toba?

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.