Kifaru Kisicho na Watu

Lipo swali ambalo sisi tuundao mifano ya silaha hulikwepa, na wasioipenda kazi hiyo hulijibu upesi mno. Je, ni jambo jema mtu mzima mwenye akili timamu, tena mwenye kuchukia vita, kutumia jioni zake za miezi sita kuunda na kuremba kifaru kidogo kinachoendeshwa kwa rimoti? Wa kwanza husema, "Ni plastiki tu." Wa pili husema, "Ni kuabudu mauaji." Mimi ni mmoja wa waundaji, kwa hiyo natakiwa kujibu. Lakini sipendi kujibu kwa hoja nyepesi, kwa sababu hoja nyepesi humdanganya kwanza yule anayeitoa.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua kazi hii, nitaieleza kidogo. Mfano ninaousema ni wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger, kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita. Kifaru chenyewe, pamoja na mtutu wa mzinga wake, kilikuwa na urefu wa mita 8.45, cha mezani kina sentimita 53 hivi. Vipande vyake huuzwa ndani ya boksi. Kampuni iliyoipa kazi hii sifa kubwa kuliko zote ni Tamiya, ya mji wa Shizuoka huko Japani. Ndani yake mna betri, kipokezi cha mawimbi ya redio, na mota mbili, kila moja ikizungusha mnyororo wa upande wake. Ukitaka kigeuke kushoto, unapunguza mwendo wa mnyororo wa kushoto, nacho kinageuka. Mnara unazunguka, mzinga unarudi nyuma unapofyatuliwa, na kuna spika inayounguruma kama injini.

Hayo yote ni kazi ya wiki mbili. Kazi hasa huanza hapo wengine wanapodhani imekwisha. Mabamba ya chuma ya kifaru cha kweli yaliunganishwa kwa kuchomelewa. Basi mishono ile hutiwa kwa puti na kuchorwa kwa ncha ya sindano, kipande baada ya kipande. Mnyororo wa kila upande una pingili 96, na kila pingili hupakwa rangi peke yake. Rangi nyepesi kama maji hupitishwa juu ya mwili wote ili ijikusanye kwenye mifereji na kandokando ya vichwa vya bolti. Kisha brashi iliyokaribia kukauka hugusa kingo tu, pale ambapo mabuti ya askari yangeikwangua rangi. Kutu haitiwi ovyo: huwekwa kwenye bomba za moshi, kwa kuwa joto ndilo linalounguza rangi kwanza. Mwisho hufuata vumbi, na vumbi la Tunisia si sawa na tope la Urusi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa; na hiki kisichoelea nacho kimeundwa.

Nimetaja Tunisia kwa sababu. Mimi naishi kusini mwa Uingereza, na mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwangu, katika jimbo la Dorset, pana jumba la makumbusho ya vifaru huko Bovington. Humo kimo kifaru cha Tiger chenye namba 131. Kilitekwa katika ardhi ya Afrika, huko Tunisia, mwezi wa Aprili mwaka 1943. Risasi ya kifaru cha Kiingereza ilipiga chini ya mtutu wake, ikateleza, ikakwama pale mnara unapokutana na kiwiliwili. Mnara ukashindwa kuzunguka. Watu wake wakatoka wakakimbia, wakakiacha. Kikapelekwa Uingereza mwaka ule ule, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wakakitengeneza hata kikatembea tena. Makovu ya risasi zile yangalipo. Mtu anaweza kuyasogelea akayatazama.

Hicho ndicho nilichoamua kukiiga, na makovu yake pia. Hapo ndipo swali langu lilipoanza kuwa zito. Kutengeneza kovu ni kazi tamu kwa mkono. Unapasha moto ncha ya chuma, unaibonyeza plastiki, inajikunja pembeni kama chuma kilichochapwa. Halafu unatia rangi ya fedha kidogo katikati na nyeusi kandokando. Dakika kumi zinatosha. Lakini kovu si pambo. Ni habari ya jambo lililotokea baina ya watu, siku fulani, wakiwa wamejaa hofu. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee. Ni halali gani basi kuchukua maumivu ya watu wengine nikayafanya nakshi?

Waundaji wengi hujibu kwa neno moja: uaminifu. Husema kwamba wao hawatukuzi kitu, wanakionyesha kama kilivyokuwa. Na kweli uaminifu wao ni wa kustaajabisha. Nimeona watu wakibishana jioni nzima juu ya idadi ya vichwa vya bolti kwenye kifuniko kimoja. Hata hivyo uaminifu huu una mipaka ambayo hatuitaji. Tunaiga tope, hatuigi damu. Tunaiga kifuniko kilichoachwa wazi, hatumwigi aliyekiacha wazi. Kitu kinaweza kuwa sahihi katika kila kipimo na bado kikasema uongo, kama vile ushahidi mahakamani unavyoweza kuwa na maneno ya kweli matupu na bado ukamficha mkosaji.

Aliyenisaidia kuliona hili si mtaalamu wa vifaru. Ni shangazi yangu, mzaliwa wa Kagera, aliyekuja kwetu kwa harusi ya mjukuu wake akakaa wiki tatu. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa katika kijiji kimoja kaskazini ya mto, na alikimbia na mtoto mgongoni siku chache kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa. Nilidhani atachukizwa kukikuta kitu kile juu ya meza. Hakuchukizwa. Alivaa miwani, akakizunguka, akagusa mnyororo kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "sisi vile vya Amin tulivisikia kwa miguu kabla ya kuvisikia kwa masikio. Ardhi ilikuwa ikitetemeka."

Nikamwambia, "Pole, shangazi." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na watu wake wako wapi?"

Nikamfungulia kifuniko cha mnara. Ndani mlikuwa na nyaya na betri.

Swali lile limenifundisha zaidi ya vitabu vyangu vyote vya vifaru. Tazama hata lugha yetu. Mnyama wa mbugani na mashine ya vita tumevipa jina moja, maana vyote viwili vina ngozi nene, vina uzito, na vikishaanza kwenda ni vigumu kuvizuia. Lakini sarufi yetu imevitenga. Tunasema kifaru amelala, tukimkusudia mnyama, na kifaru kimelala, tukiikusudia mashine. Mnyama tumempa uhai. Mashine tumeiweka pamoja na viti na vikombe. Lugha imefanya haki, kwani chuma hakina roho. Walakini ndani ya kile kitu kilichowekwa pamoja na vikombe walikaa watu watano: mkuu wake, mpiga mzinga, mpakia risasi, dereva, na mtu wa redio. Tukisema "kifaru kilipiga kijiji," sarufi ni safi, na watu watano wamekwisha kutoroka kutoka katika sentensi.

Kupunguza ukubwa nako kuna hatari yake. Ukiugawa urefu kwa 16, ujazo unagawika kwa 4,096. Tiger ya kweli ilikuwa na tani 57. Kwa hesabu hiyo ingebaki kama kilo 14, mzigo ambao mtu anaweza kuubeba mikononi. Risasi yenye upana wa milimita 88 inabaki nyembamba kuliko penseli. Mtu wa urefu wa wastani anabaki na sentimita 11. Je, hofu nayo hupungua mara ngapi? Ardhi ya shangazi yangu ilitetemeka. Meza yangu haikutetemeka. Kitu cha kutisha kikishaenea mikononi huanza kupendeza, na uzuri huo haumo katika kitu, umo katika umbali wetu nacho.

Rimoti inazidisha umbali huo. Nasimama pembeni na chombo mkononi, nasukuma kijiti, kifaru kinakwenda. Sivuti moshi wake, sisikii joto lake, na kikipigwa mimi nakwenda kunywa chai. Mtu atasema huo ndio mchezo, na vita ni jambo jingine. Natamani ingekuwa hivyo. Warusi walituma vifaru vilivyoongozwa kwa redio katika vita vyao na Finland vya mwaka 1939 na 1940. Wajerumani, kuanzia mwaka 1942, walikuwa na kigari kidogo cha minyororo kilichoitwa Goliath, kilichobeba baruti na kuongozwa kwa waya na askari aliyejificha mbali. Na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi makubwa mwezi wa Februari 2022, ulimwengu umeona vifaru vya thamani kubwa vikichomwa na ndege ndogo zisizo na rubani, nyingi zikiwa zimeundwa kwa vipuri vya aina ile ile wanayotumia watu wa michezo, na kuongozwa na kijana aliyeshika rimoti ya vijiti viwili. Rimoti hiyo na yangu ni ndugu wa tumbo moja. Sisemi kwamba mchezo umezaa vita. Nasema kwamba hatuwezi tena kujificha nyuma ya neno "mchezo", kwa maana ukuta baina ya viwili hivi umekuwa mwembamba.

Je, nikitupe basi? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni hapana, kwa sababu moja. Nilipoitafakari upya ile kazi ya kuremba, niliona kwamba watu wa kifaru hawakuwa wametoweka kabisa. Walikuwa wamejificha katika vitu vidogo. Pingili za akiba zilizotundikwa mbele ya vifaru vingi hazikuwa pambo: ni watu waliohofu kwamba chuma cha milimita 100 hakiwatoshi, wakaongeza walichokipata. Koleo lililofungwa juu lilikuwa la kuchimba mahali tani 57 zinapozama, na mchimbaji alikuwa ni mtu mwenye mgongo. Rangi iliyokwanguka kandokando ya kifuniko ni ya mabuti ya mtu aliyeingia na kutoka mara mia. Nilikaa jioni tatu nikiuchonga mwanya wa dereva, na baada ya jioni tatu nilikuwa nimeelewa kwa vidole jinsi alivyouona ulimwengu: kamstari kembamba nyuma ya kioo kinene. Tangu utotoni nimesikia kwamba vita havina macho. Sikujua kuwa hata macho yale machache vilivyonayo yamezibwa hivyo.

Kwa hiyo nasema kuna njia mbili za kuremba. Ya kwanza huishia kwenye uso wa kitu: kutu inapendeza, kovu linapendeza, basi. Ya pili huuliza kila alama, "Nani alikuweka hapa, na alikuwa akiogopa nini?" Mkono unafanya kazi ile ile katika njia zote mbili, na rangi ni zile zile, mtazamaji huenda asione tofauti. Lakini mwenye kuunda anajua amefuata ipi. Njia ya kwanza ni ya kusahau, hata kama hesabu ya bolti zake ni kamili. Ya pili ni ya kukumbuka, na kukumbuka ni wajibu wa sisi tuliopona kwa wale wasiopona, wawe wa upande wetu au wa upande wa adui.

Wala siamini kwamba nia peke yake inatosha. Nia isiyo na alama ya nje hupotea. Hivyo nimeunda watu watano wa sentimita 11, na wakati niliotumia kwa nyuso zao ni mwingi kuliko ule nilioutumia kwa minyororo. Hawakuvaa sura za mashujaa. Mmoja anafuta jasho. Mmoja anatazama nyuma. Mbele ya kifaru nimeweka ukuta wa nyumba ya shambani uliobomoka nusu, na chungu kimoja kilichopinduka, ili pawe na dalili ya wale ambao hawakuwa na chuma cha kujifichia. Nafahamu kwamba hata hivi ni vidogo mno kubeba ukweli wote. Lakini afadhali kidogo kinachoelekeza upande ulio sawa kuliko kikubwa kinachougeuzia mgongo.

Watoto wa jirani hupenda kuja kukiona, na wote huomba jambo moja: kukiendesha. Siwanyimi. Mtoto ukimnyima kitu bila sababu, unakiongezea utamu. Kwanza lakini namwita mezani, nakifungua kifuniko, na kumwambia kwamba hapa walikaa watu watano, na kule kilikoelekea mzinga walikuwako watu wengine, wenye mama zao. Namwachia nafasi aulize. Wengine huuliza sana, wengine hutikisa kichwa tu. Kisha nampa rimoti.