Mabuyu Hayana Muhuri

Watoto wangu wa chekechea hapa Kibokoni, Mombasa, hawaanzi na kitabu. Huanza na makopo na maboksi matupu ya jikoni kwao: Kimbo, unga wa Jogoo, kiberiti, karatasi za peremende. Mtoto aliyekwisha kuzijua alifu na bee chuoni hapati taabu na herufi za kizungu, mradi ziko kwenye kitu anachokijua. Neno la pili au la tatu wanaloliweza ni HALAL, kwa kuwa wazazi huwafundisha kulitafuta kabla ya kutia kitu mdomoni. Wana haki yao. Gelatini haisemi imetoka kwa mnyama gani.

Lakini muhula huu mtoto mmoja alikataa mabuyu. Yalikuwa yale mekundu yanayopaka ulimi rangi, yamefungwa kwa karatasi ya daftari, na aliyeyapika ni bibi wa nyumba ya tatu kutoka darasani kwetu. Mtoto akaigeuza karatasi huku na huku. "Mwalimu, haya hayakuandikwa halali." Na bibi huyo ndiye aliyemkanda mamake siku za arobaini! Ubuyu, sukari, iliki na rangi, basi.

Wenzangu walicheka. Mimi swali lilinikaa: tunapomfundisha mtoto kusoma, tunamfundisha kumwamini nani? Wanazuoni wanasema asili ya chakula ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukiharamisha, ukiacha nyama ambayo ina hukumu zake. Mtoto wetu ameipindua kanuni: kila kitu haramu mpaka kiandikwe.

Muhuri wa halali ni ushahidi, na katika dini yetu ushahidi una mwenyewe. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi inayogusa jambo hili hili. Hisham aliipokea kwa babake, Urwa. Urwa aliipokea kwa Bi Aisha, ambaye ni mamake mdogo. Watu walimweleza Mtume kuwa huletewa nyama na waliosilimu juzi tu, wala hawajui kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Akawajibu walitaje wao wenyewe, kisha wale. Hakuwatuma kwenda kupeleleza. Mipaka ya jibu hilo ina mjadala mrefu, nawaachia wenye elimu. Mimi naitazama ile dhana njema kwa aliyeleta nyama, kisha ile safu ya majina: mwana, baba, mama mdogo. Ikiwa hata maneno ya Mtume hatuyapokei mpaka tujue yamepitia kwa nani, seuze maneno ya boksi?

Sina ugomvi na maandishi. Mji huu huu, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, ili watu wasome mambo ya dini yao kwa Kiswahili. Ila aliyeandika alijulikana, na mtu angeweza kumkuta msikitini akambishia. Peremende iliyotoka ng'ambo utambishia nani? Hapo ndipo muhuri unapofaa: mahali ambapo mtu hatumwoni. Umekuja kuziba pengo. Haukuja kumfukuza jirani mlangoni.

Siku hizi tukishasoma pakiti nawauliza: "Nani kasema?" Kwenye karatasi ya mabuyu tuliandika jina la bibi kwa herufi kubwa, na yule mkataaji ndiye aliyelisoma kwa sauti. Kisha akashika pakiti ya chumvi yenye muhuri, akauliza kama chumvi nayo huchinjwa. Sikumjibu haraka, lilikuwa swali zuri kuliko yote ya wiki ile.

Mama mmoja amenilalamikia. Anasema nawafungulia watoto mlango wa wasiwasi, kila kitu kuuliza nani, nani. Nikamwambia mwenye wasiwasi ni yule anayepekua karatasi ya jirani akitafuta alama. Anayeuliza jina atapewa, ale, atulie.

"Na hizi peremende za dukani," akanirudisha, "ambazo hata kiwanda chenyewe hatukijui?"

"Hizo, mamangu, msomeshe autafute muhuri."