Kifaru Kilichoelemewa na Uzito Wake

Julai 1943, karibu na mji wa Kursk, jeshi la Ujerumani lilipeleka vitani vifaru 200 vipya aina ya Panther. Kwa kukitazama tu, kifaru hiki kilitisha. Mtutu wake wa milimita 75 ulikuwa mrefu na uliweza kutoboa kifaru cha adui kilicho mbali zaidi ya kilomita moja. Bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa milimita 80, nalo lililazwa mshazari ili kombora lipige na kuteleza. Mapigano yalianza Julai 5. Ilipofika jioni ya Julai 10, vilivyobaki mstari wa mbele vikiwa vizima vilikuwa 10 hivi tu.

Mabomu ya ardhini na mizinga ya Wasovieti ilichukua fungu lake. Lakini vifaru vingi vilikwama kwa ubovu wake wenyewe, na viwili viliteketea kwa moto wa injini kabla ya kumwona adui, vikiwa bado njiani kutoka kituo cha reli.

Chanzo cha kifaru hiki kilikuwa hofu. Wajerumani walipouvamia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941 walikutana na T-34, kifaru ambacho hawakukitarajia, na ambacho mizinga yao mingi haikukiweza. Jenerali Heinz Guderian akaomba wataalamu waje kukichunguza palepale vitani. Wakaja, na kampuni za Daimler-Benz na MAN zikapewa kazi ya kubuni kifaru cha kati cha kujibu mapigo. Mei 1942 MAN ikashinda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mpango wa awali ulikuwa kifaru cha tani 30 hivi, 35 kwa wingi. Hitler akataka bamba la mbele liongezwe kutoka milimita 60 hadi 80, na mengine yakaongezwa juu ya hayo. Kifaru kikatoka kiwandani kikiwa na takriban tani 45. Ni sawa na kujenga ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya kibanda. Gia za mwisho, zile zinazopokea nguvu na kuzungusha minyororo, hazikukua pamoja na mzigo. Gia za muundo imara zaidi zilijulikana, ila mashine za kuzichonga hazikutosha, wakatumia za kawaida. Meno yake yalivunjika. Chumba cha injini nacho kilizibwa ili maji yasiingie kifaru kinapovuka mto, na joto pamoja na mvuke wa mafuta vikakosa pa kutokea.

Mafundi waliyajua haya. Guderian mwenyewe, wakati huo akiwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya vifaru, alimweleza Hitler mwezi Mei 1943 kwamba Panther bado haijawa tayari. Shambulio la Kursk lilikuwa limeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa sehemu ili vifaru hivi viwahi, kwa hiyo tarehe ikawa na nguvu kuliko majaribio. Wasovieti nao waliutumia muda huo kuchimba mahandaki na kutega mabomu.

Simlilii aliyeshindwa. Jeshi lile lilivamia nchi za watu na kuua raia kwa mamilioni, na kushindwa kwake kulikuwa heri kwa dunia. Ninachokikazia macho ni utaratibu wa kazi: mkubwa anaongeza mzigo, mjuzi anaonya, tarehe haisogei, na anayelipa ni kijana aliyeketi kwenye usukani. Katika kila Panther walikuwamo vijana watano. Gia ikikatika shambani, kukivuta kifaru kizito namna ile kulihitaji magari kadhaa ya kuvutia. Jeshi likirudi nyuma, mara nyingi wenyewe walikilipua ili kisitekwe.

Marekebisho yalifanyika mengi, na kufikia 1944 injini haikuwaka moto ovyo kama mwanzo. Vilitengenezwa takriban 6,000 kwa jumla. Gia zile za mwisho hazikupata dawa. Baada ya vita Wafaransa walitumia baadhi ya Panther walizoziteka, na ripoti yao ya mwaka 1947 ikaandika kwamba gia hizo zilidumu kwa wastani wa kilomita 150.